UTAFITI ULIOFUNGIWA KABATINI

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na nimekuwa mwanachama wa Chama cha Kiswahili tangu muhula wangu wa kwanza katika shule hii. Mlezi wetu alipotutaka tuandike makala za jarida la mwaka huu, wenzangu wengi walikimbilia mashairi, vitendawili na vichekesho. Mimi nimechagua jambo ambalo kwa jina tu huenda likakufanya upige miayo: makala za utafiti wa vyuo vikuu, na nani anayeweza kuzisoma. Tafadhali, msomaji, usirukie ukurasa wa vichekesho. Jambo hili sikulitoa kitabuni. Lilinikuta chumbani mwa nyanya yangu, kando ya kitanda chake.

Likizo ya Desemba iliyopita tulikwenda Makueni, mimi na mama, kumwona nyanya. Sisi Wakamba nyanya humwita Susu. Jioni ile nilipoingia chumbani mwake kuweka mkoba wangu, nilikuta magunia matatu ya mahindi yamelazwa sakafuni. Nilipoyakaribia nikasikia harufu ya unyevu, kama ya nguo iliyoanikwa ikanyeshewa.

"Susu," nikamwuliza, "mbona mahindi yanalala na wewe? Ghala lina kazi gani?"

"Ghala wezi wanalijua," akanijibu. "Na mvua nayo imekuja kabla hayajakauka sawasawa. Yakiwa hapa nayaona kwa macho yangu."

Mama aliyatazama yale magunia, akatoka nje bila kusema neno. Usiku, Susu alipokwisha kulala, ndipo aliponieleza. Alikuwa na kaka yake mdogo, kitinda mimba wa Susu. Ningemwita mjomba, lakini alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 7, kabla mimi sijazaliwa. Macho yaligeuka manjano, tumbo likavimba, na baada ya siku chache akaaga dunia. Mwaka huo watu wengi walikufa namna hiyo huko Ukambani. Kuna waliosema ni uchawi. Kuna waliosema ni maji. Barazani ikatangazwa kwamba ni mahindi mabaya, watu wayachome.

"Susu aliyachoma?" nikauliza.

"Aliyachoma yote," mama akasema. "Mwaka uliofuata akavuna mengine, akayaweka palepale."

Wasomaji wapenzi, usiku huo sikupata lepe la usingizi. Susu alikuwa ameambiwa achome, naye akachoma. Hakuna aliyemweleza akaelewa ule ubaya uliingiaje katika mahindi yake mwenyewe, yaliyotoka katika shamba lake mwenyewe. Asiyejua maana haambiwi maana, ndivyo wahenga walivyonena, lakini mimi najiuliza: na yule ambaye maana imefichwa asiione, kosa ni lake?

Shule zilipofunguliwa Januari, nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia nikamsimulia. Akaniambia ule ubaya una jina. Kuna kuvu anayeota katika mahindi, karanga na nafaka nyingine, aitwaye Aspergillus flavus. Kuvu huyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia sumukuvu. Sumu hiyo hushambulia ini. Haiondoki kwa kupika ugali wala kwa kuchemsha githeri. "Lakini kama wataka kujua mwaka ule mambo yalikwenda vipi," akasema, "twende kwenye kompyuta. Vifo vingi namna hiyo haviwezi kukosa mtafiti."

Tukatafuta. Makala ya kwanza tuliyoiona ilikuwa juu ya sumukuvu nchini Kenya, hasa! Tukasoma kichwa chake na muhtasari wa aya moja. Tulipotaka kuendelea, tukakuta picha ya kufuli. Chini yake paliandikwa kwamba msomaji alipe dola 40 hivi ndipo afunguliwe. Kwa pesa zetu hizo ni zaidi ya shilingi 5,000. Lo! Makala moja tu, tena ya kurasa chache, kwa bei ya magunia kadhaa ya mbolea ya samadi.

Nikamtazama mwalimu. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea. "Hata mimi siwezi," akasema. "Nilipokuwa chuo kikuu nilikuwa nafungua makala kama hizi bila kujua zina bei, kwa sababu maktaba ya chuo ilikuwa imelipa. Siku niliyohitimu, mlango ukafungwa."

Tukajaribu nyingine. Hii ilikuwa imechapishwa mwaka 2005 katika jarida la Marekani liitwalo Environmental Health Perspectives. Mwalimu akabonyeza, nami nikasubiri kuliona kufuli. Halikuja. Makala nzima ikafunguka mbele yetu kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuulizwa hata senti.

Sasa sikilizeni yaliyokuwamo. Kati ya Januari na Juni mwaka 2004, katika mashariki ya Kenya, waliugua watu 317 na wakafa 125. Hao ni karibu watu 4 katika kila 10 walioshikwa. Wataalamu wa Kenya na Marekani waliwachagua wagonjwa 40 na watu wengine 80 ambao hawakuugua, wakawauliza maswali, wakapima damu yao na mahindi yao. Mahindi ya nyumba zenye wagonjwa yalikuwa na wastani wa mikrogramu 354 hivi za sumu katika kila kilo moja. Ya nyumba zisizo na wagonjwa yalikuwa na 44 hivi. Kiwango cha juu kilichokubaliwa na sheria ya Kenya wakati huo kilikuwa 20. Yaani hata wale ambao hawakuugua walikuwa wakila sumu!

Halafu nikafika mahali pa kuulizia tofauti. Kwa nini nyumba hii wakaugua na ile wasiugue? Makala ikajibu kwamba waliokuwa katika hatari zaidi ni wale walioyaweka mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani, na wale walioyaweka kabla hayajakauka.

Nilihisi kama mtu ameniingiza chumbani mwa Susu akaniwashia taa. Ndani ya nyumba. Kabla hayajakauka. Jibu lilikuwa limeandikwa tangu mwaka 2005, nalo lilikuwa wazi kwa mtu yeyote duniani mwenye kompyuta na intaneti. Na sisi, wenye mahindi na wenye maiti, hatukuwa nalo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsumbua mwalimu kwa maswali mawili. La kwanza: kwa nini makala nyingine zina kufuli na nyingine hazina? La pili: kama zile zisizo na kufuli zipo, mbona hazikumfikia Susu? Haya niliyojifunza ndiyo ninayotaka kuwaeleza, na nitajaribu kuyasema kwa lugha nyepesi.

Kwanza, tujue makala ya utafiti hutokaje. Mtafiti hulipwa mshahara na chuo chake, na mara nyingi fedha za utafiti hutoka serikalini, yaani katika kodi, au kwa wafadhili. Anapomaliza, huandika makala na kuipeleka kwa jarida. Jarida halimlipi kitu. Jarida huwapa wataalamu wengine waisome na kuikosoa, ili uongo na makosa visipite. Nao kwa kawaida hawalipwi. Kisha mchapishaji huitengeneza, huichapisha, na kuviuzia vyuo vikuu ruhusa ya kuisoma kila mwaka, pamoja na chuo kilekile alikotoka yule mtafiti.

Hebu fikiria mkulima aliyelima, akapalilia, akavuna na kupukuchua, akampa dalali mahindi bure, halafu akaenda dukani kununua unga kwa bei ya dalali. Ungesema huyo mkulima ana akili timamu? Lakini ndivyo mambo yalivyokwenda kwa miaka mingi. Mgala muuwe na haki mpe: mchapishaji naye ana kazi. Kuhariri, kupanga kurasa, kuhifadhi makala miaka na miaka, yote hayo yana gharama. Malalamiko ni juu ya bei, na juu ya anayebaki nje. Chuo tajiri cha Ulaya hulipa ingawa kinanung'unika. Chuo cha nchi maskini hushindwa. Daktari wa hospitali ya wilaya, mwalimu wa sekondari, afisa wa kilimo, hao hata maktaba ya chuo hawana.

Madhara yake yanaweza kuwa makubwa kuliko usumbufu wa mwanafunzi mmoja. Chukua mfano wa Liberia. Mwaka 1982 watafiti kutoka Ujerumani walichapisha makala katika jarida la Ulaya. Walikuwa wamepima damu za watu wa Liberia, wakakuta dalili kwamba baadhi yao waliwahi kukutana na virusi vya Ebola. Wakaandika kwamba Liberia inafaa kuhesabiwa miongoni mwa nchi ambamo Ebola imo. Miaka 32 baadaye, mwaka 2014, Ebola ikalipuka Liberia, Guinea na Sierra Leone. Kufikia mwaka 2016 watu zaidi ya 11,000 walikuwa wamekufa, na zaidi ya 4,800 kati yao walikuwa wa Liberia. Wakubwa wa afya huko walikuwa wameamini kwamba ugonjwa huo si wa upande wao wa Afrika.

Aprili 2015 Bernice Dahn, aliyekuwa daktari mkuu wa Wizara ya Afya ya Liberia, pamoja na wenzake wawili, waliandika katika gazeti la New York Times kwamba onyo lilikuwapo ila halikuwafikia. Walieleza kuwa hata wakati huo kuipata makala moja ya namna hiyo kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki. Na walisikitika kwamba katika zile makala za zamani hapakuwa na Mliberia miongoni mwa waandishi. Damu ilitoka Liberia, habari zikabaki Ulaya.

Sisemi kwamba makala ile ingekuwa bure basi Ebola isingetokea. La hasha. Hospitali zilikuwa chache, na madaktari walikuwa wachache zaidi. Lakini mtu anayejua kwamba nyoka yumo nyumbani hulala tofauti na asiyejua.

Basi wasomi wengine wakaona hili haliwezi kuendelea. Mwaka 1991 mwanafizikia wa Marekani, Paul Ginsparg, alianzisha hifadhi ya kompyuta ambako wanafizikia wangeweka makala zao na yeyote azisome bure. Inaitwa arXiv, na ipo mpaka leo. Desemba 2001 kikundi cha wasomi kilikutana Budapest, Hungaria, na Februari 2002 kikatoa tamko kwamba utafiti unaochapishwa katika majarida ya kitaaluma uwekwe kwenye intaneti, usomwe, unakiliwe na kusambazwa bure, alimradi mwandishi atajwe na kupewa heshima yake. Jambo hilo ndilo tunaloweza kuliita upatikanaji huria wa utafiti.

Milango ya kuingilia katika uhuria huo ni mitatu.

Mlango wa kwanza ni hifadhi ya chuo. Mtafiti huchapisha katika jarida lolote, kisha, kama masharti ya jarida yanaruhusu, huweka nakala yake katika hifadhi ya kidijitali ya chuo chake. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta, miongoni mwa vingine, vina hifadhi za namna hiyo. Humo mna tasnifu nyingi za wanafunzi waliotangulia, ambazo zamani ungelazimika kupanda matatu mpaka maktabani na kuomba ruhusa ili uzishike.

Mlango wa pili ni jarida lenyewe kuwa bure kwa msomaji, lakini mwandishi au chuo chake ndicho kinacholipa ada ya kuchapisha. Msomaji hufurahi, ila mwandishi hulia. Ada nyingine ni kubwa kupindukia. Jarida maarufu la Nature lilipoanza kuruhusu njia hii mwaka 2021, liliweka ada ya euro 9,500 kwa makala moja, yaani zaidi ya shilingi milioni moja. Wachapishaji wengi huwapunguzia au kuwasamehe waandishi wa nchi maskini, lakini si wote, na si kila mara. Hatari ni kwamba kufuli laweza kutolewa mlango wa kusomea likahamishiwa mlango wa kuandikia. Tutawasoma wenzetu bure, nasi tushindwe kuandika yetu. Mkono mtupu haulambwi, nayo sayansi isiwe ya kulambana mikono.

Mlango wa tatu ni huu: msomaji halipi, mwandishi halipi, gharama hubebwa na vyuo na serikali. Hapa Amerika ya Kusini wametuacha mbali. Mwaka 1997 Brazil ilianza mradi uitwao SciELO, kwa fedha za mfuko wa utafiti wa jimbo la São Paulo, wa kuyakusanya majarida ya kwao na kuyaweka wazi. Ukaenea Chile, Argentina, Meksiko, na hata Afrika Kusini. Makala nyingi humo ni za Kireno na Kihispania, lugha za watu wanaozihitaji. Hawakungoja kufunguliwa mlango wa wengine, walijenga wao.

Hata Afrika hatukukaa bure. Tangu mwaka 1998 kuna African Journals Online, ambayo sasa makao yake yako Afrika Kusini. Imekusanya mamia ya majarida ya bara hili, na mengi kati yake husomwa bure. Pia Shirika la Afya Duniani, kwa kushirikiana na wachapishaji, lilianza mwaka 2002 mpango wa HINARI wa kuzipa taasisi za nchi maskini makala za afya bure au kwa bei ya chini. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo likafuata na mpango wa AGORA kwa makala za kilimo. Mipango hiyo imesaidia sana. Lakini angalieni vizuri: inazisaidia taasisi. Mtu aliye nje ya taasisi, kama mimi na Susu, bado yuko nje ya ua.

Nisije nikawadanganya wenzangu kwamba kila kilicho bure ni kizuri. Si kila king'aacho ni dhahabu. Kuna matapeli waliokwisha kuona mwanya. Wanaunda jarida la uongo, wanachukua ada ya mwandishi, wanachapisha chochote bila mtaalamu yeyote kukisoma. Wasomi wachanga wa nchi zetu ni miongoni mwa wanaonaswa sana. Kwa hiyo ukikuta makala, uliza: jarida hili lina wahariri wanaojulikana? Makala zake hukaguliwa na wataalamu? Kuna orodha iitwayo DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, inayoyataja majarida huria baada ya kuyachunguza. Nilipoonyeshwa orodha hiyo nilijifunza kuangalia kwanza, ndipo niamini. Kuuliza si ujinga.

Sasa nirudi kwenye swali langu la pili. Makala ya mwaka 2005 haikuwa na kufuli hata siku moja. Wakati huo jarida lile lilitolewa na taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya mazingira. Mbona basi Susu aliendelea kulala na mahindi mabichi?

Nimelifikiria sana, na jibu langu ni hili. Kufuli la bei ni moja tu kati ya makufuli matatu. La pili ni intaneti yenyewe. Mahali penye mtandao hafifu, au bando la simu linaloisha kabla ukurasa haujafunguka, neno "bure" halina maana kubwa. La tatu ni lugha, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Makala ile ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha madaktari. Mimi mwenyewe, ninayepata alama si haba katika somo hilo, nilisoma aya moja mara tatu huku mwalimu akinisaidia. Ungempa Susu karatasi zile, angezitumia kuwashia moto, wala sidhani ningemlaumu.

Hapa, wanachama wenzangu, ndipo Chama cha Kiswahili kinapoingia. Tumezoea kudhani kazi yetu ni mijadala, ngonjera na kusahihisha wanaosema "nyumba yangu kubwa ni zuri". Ni kazi njema. Lakini upatikanaji huria unatupa ruhusa ambayo hatujaitumia. Makala nyingi huria hutolewa na leseni ziitwazo Creative Commons. Baadhi ya leseni hizo humruhusu mtu yeyote kuitafsiri makala na kuisambaza, mradi amtaje mwandishi na aseme kwamba ametafsiri. Si leseni zote, kwa hiyo lazima kusoma masharti kwanza. Tukipata iliyo na ruhusa, hatuhitaji kumwandikia mtu barua ya kumbembeleza. Tunahitaji kalamu, kamusi, na mwalimu wa sayansi wa kutuangalia tusipotoshe.

Tena wasituambie kwamba Kiswahili hakiwezi. Kuna jarida la kitaaluma liitwalo Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994 huko Köln, Ujerumani, ambalo huchapisha makala juu ya Kiswahili na fasihi yake, na nyingine zimeandikwa kwa Kiswahili chenyewe. Linasomwa bure kwenye intaneti. Ikiwa Wajerumani wanayaweka wazi mambo ya lugha yetu, sisi wenye lugha tunangoja nini kuyaweka wazi mambo ya mahindi yetu?

Kwa vyuo vikuu vyetu nina ombi moja la heshima, la mwanafunzi asiye na cheo. Mtafiti anapotoka kijijini na sampuli za udongo, damu au mbegu, aweke wazi anachoandika, na pamoja nayo aache ukurasa mmoja wa Kiswahili au wa lugha ya mahali pale. Ukurasa mmoja tu. Upelekwe kwa chifu, kanisani, msikitini na shuleni. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hata yenye daftari hupotea kama daftari limefungiwa kabatini na mwenye mali hajui ufunguo uko wapi.

Likizo ya Aprili nilirudi Makueni. Nilikuwa na karatasi moja niliyoiandika mwenyewe, nusu Kiswahili, nusu Kikamba, mwalimu akaipitia. Niliketi na Susu jikoni nikamsomea. Nilipofika pale pa mahindi kuwekwa ndani kabla hayajakauka, alinyanyua mkono nikanyamaza. Alikaa kimya muda mrefu, akiutazama moto.

"Kumbe ni hivyo," hatimaye akasema. "Nami nilidhani nayalinda."

Sikujua la kumwambia. Nilimshika mkono tu. Baadaye akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, ni siku ngapi za jua zinazotosha. Nikamwambia ayaanike juu ya turubai, yasiguse udongo, mpaka yakauke kabisa, kisha yawekwe ghalani juu ya mbao, mahali penye hewa. Wezi je? Mama akaahidi kununua kufuli.

Tulipokuwa tukiondoka Susu aliidai ile karatasi. Nikamwuliza ataifanyia nini na miwani yake imevunjika.

"Si ya kusoma mimi," akasema. "Jumatano tuna mkutano wa chama cha akina mama. Yuko mmoja ajuaye kusoma. Ama hiyo karatasi imekatazwa?"

"Haijakatazwa, Susu," nikamjibu. "Ni ya kila mtu."

Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kitambaa anachofungia pesa zake.

Wasomaji wapenzi, wino wangu umekaribia kuisha na mhariri ananitazama kwa jicho la pembe. Aliye na swali anitafute siku ya mkutano wetu wa chama. Aliye tayari kutafsiri pamoja nami aje na kamusi. Kwaherini ya kuonana.